Rimu ndogo kwa gari la kreta: Nafuu iko dukani, hasara iko mteremkoni

BEI ya tairi humnyima usingizi mwenye gari la watalii kuliko bei ya dizeli. Dizeli hulipwa na safari yenyewe. Tairi hununuliwa kwa fedha ya mfukoni, na mara nyingi kabla mgeni hajatua Kilimanjaro. Ndiyo maana mwenye Land Cruiser moja au mbili za kukodisha pale Karatu akiambiwa kwamba rimu za inchi 15 na tairi zake zilizokwishatembea zinaweza kulivalisha gari lake kwa bei pungufu ya seti ya inchi 16, huona ameokota dodo chini ya mnazi.

Biashara hiyo ina mantiki yake. Rimu za inchi 15 zilifuatana na Prado, Hilux Surf na pikapu za miaka ya 1990, nyingi zikiwa na bolti sita katika duara la milimita 139.7, ambalo ndilo duara la Land Cruiser za zamani za bolti sita. Fundi akiipeleka rimu kwenye habu, bolti zinapita zote bila ubishi. Muuzaji anasema "imeingia", mnunuzi anafungua pochi. Katika mazungumzo yote hayo kuna kifaa kimoja ambacho hakikuulizwa, nacho ni kalipa ya breki, iliyokaa ndani ya rimu hiyo ikisubiri zamu yake.

Mafundi wakongwe hawakulelewa na tatizo hili. Land Rover za Siriz III, ambazo wengi wao walijifunzia kazi, zilikuwa na breki za drami pande zote nne. Drami ni duara kama sufuria. Rimu ikiingia imeingia, na kama haiingii inaonekana pale pale. Mwaka 1983 Land Rover ilipotoa One Ten, ile iliyokuja kuitwa Defender, ilileta diski kwa magurudumu ya mbele. Kwa Toyota nako diski zilienea mwaka hadi mwaka. Diski huletwa pamoja na kalipa inayoikumbatia kwa upande mmoja tu, na mgongo wa kalipa hutokeza nje ya ukingo wa diski. Mgongo huo ndio unaokaribiana na tumbo la rimu. Kwa hiyo swali lililokuwa la bolti sita sasa ni la milimita chache ambazo mtu aliyesimama nje ya gari hawezi kuziona.

Tofauti ya inchi 16 na 15, ikigawanywa pande mbili, ni milimita 12.7 tu kila upande, yaani chini ya upana wa kidole. Tena namba hiyo iliyopigwa juu ya rimu hupimwa pale tairi linapokaa. Ndani ya rimu kuna bonde ambalo kiwanda hulichimba ili tairi liweze kuvalishwa, na bonde hilo ndilo lililo karibu zaidi na kalipa. Viwanda havichimbi bonde kwa kina kimoja, wala hawaliweki mahali pamoja. Rimu mbili za inchi 15, moja ya chuma na nyingine ya aluminiamu, zaweza kuwa na bolti zile zile na upana ule ule, moja ikapita juu ya kalipa na nyingine ikakwama. Anayenunua kwa namba peke yake ananunua kwa kubahatisha.

Tatizo si la Karatu peke yake. Huko Marekani wako wapenzi wa magari ya milimani ambao huchukua ekseli za lori la jeshi aina ya M35, lile la tani mbili na nusu, na kuzifunga chini ya pikapu. Lori hilo lilitoka kiwandani na magurudumu ya inchi 20 na drami kubwa. Wanapotaka kuvaa rimu ndogo zaidi, drami inawakatalia. Wakiiondoa na kuweka diski na kalipa, kalipa nayo inadai nafasi yake. Wengine wameamua kuihamisha breki kabisa kutoka kwenye gurudumu na kuifunga kwenye shafti ya ekseli, ili ndani ya rimu kusiwe na kitu cha kugusa. Lakini wale hucheza Jumamosi juu ya mawe, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na jioni gari hurudishwa nyumbani juu ya trela. Gari la Karatu hubeba watu waliolipa, kila siku, na hushuka kreta.

Na kreta ndiyo inayobadili hesabu yote. Ukingo wa Ngorongoro uko kwenye mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari na sakafu yake iko chini kwa takriban mita 600. Magari yanayoruhusiwa kushuka ni yale tu yanayovuta kwa magurudumu manne. Malori ya watalii wanaozunguka Afrika hubaki juu na abiria wao huhamia kwenye magari madogo. Njia ya Seneto ni ya kushukia, ya Lerai ni ya kupandia, na ile ya upande wa Sopa hutumika kwa kushuka na kupanda. Gari lenye uzito wa tani tatu pamoja na wageni, maji na chakula likishuka mita 600 lazima litupe nguvu ya karibu megajuli 18. Kwa lugha ya jikoni, hilo ni joto la kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji baridi. Dereva aliyefundishwa vizuri huweka gia nzito na kuiachia injini sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kinachobaki kinakwenda kwenye diski na pedi, na kutoka hapo kwenye kalipa na mafuta ya breki.

Wala mteremko si huo mmoja. Gari lililotoka Karatu asubuhi likapanda hadi ukingoni litashuka tena jioni kurudi mjini, kwenye mita 1,500 hivi, na likiendelea Arusha litashuka tena ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu. Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro imefupisha safari, na kwa sababu hiyo imeongeza mwendo. Gari la leo linafika mteremkoni likiwa na kasi ambayo gari la enzi za vumbi halikuwa nayo.

Hapa mafundi wanaotetea rimu ndogo wana hoja, na haki itendeke kwa kuisema. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha milimita 806 hivi. La 235/75R15 lina 734. Gurudumu likipungua kwa kiasi hicho, mkono wa nyenzo ambao breki inapambana nao unafupika, na nguvu ile ile ya mguu inalishika gari kwa karibu asilimia 10 zaidi. Injini nayo inazunguka kwa asilimia 10 zaidi kwa mwendo ule ule, hivyo gari linapanda Lerai kwa urahisi zaidi na linashikiliwa zaidi na gia wakati wa kushuka. Dereva aliyejaribu gari hilo kwenye barabara ya mjini Karatu atarudi akisema breki zimekuwa kali kuliko zamani, na atakuwa anasema kweli.

Kasoro ni kwamba ukweli huo ni wa breki baridi. Joto la kushuka mita 600 halipungui hata kidogo kwa sababu rimu imepungua; uzito ni ule ule na kimo ni kile kile. Kinachopungua ni nafasi ya hewa kupita kati ya kalipa na rimu. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili nyuzi 205 za Sentigredi kabla ya kuchemka, lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukandamizika. Mguu wa dereva unazama hadi sakafuni bila gari kushikwa. Gari ambalo mwenyewe hajabadilisha mafuta ya breki kwa miaka, na ambalo rimu zake zimeikaba kalipa, limekusanya makosa mawili mahali pamoja.

Halafu kuna udongo. Anayeijua Karatu anaujua udongo wake mwekundu, unaonata wakati wa masika na kukauka kama tofali. Pale penye nafasi ya kutosha, udongo unaoingia kati ya kalipa na rimu hutolewa na mzunguko wenyewe. Pale palipobaki milimita mbili, udongo unajaa, unakauka usiku gari likiwa limeegeshwa, na asubuhi unakuwa msasa. Kokoto ikinasa hapo huchora mfereji ndani ya rimu kila mzunguko. Kuna pia risasi za kubalansi ambazo fundi wa tairi hubandika upande wa ndani bila kuangalia kalipa iko wapi. Gurudumu likizunguka mara ya kwanza risasi inang'oka, na kama haikung'oka inagonga. Rimu nayo si kitu kigumu kisichopinda. Gari lililojaa abiria likikata kona yenye mashimo, rimu ya chuma hunepa kidogo na beringi iliyolegea huongeza mnepo huo. Gurudumu lililozunguka bila kugusa juu ya jeki linaweza kugusa pale Seneto.

Dawa zinazouzwa mitaani kwa tatizo hili ni za aina mbalimbali na hazifanani kwa ubaya. Inayopendwa ni spesa, bamba linalowekwa kati ya habu na rimu ili kuisogeza rimu nje. Spesa inasaidia endapo kinachogusa ni uso wa rimu, yaani upande wa bolti. Kama kinachogusa ni tumbo la rimu, mara nyingi haisaidii kitu, kwani kuisogeza rimu nje hakuifanyi iwe pana. Watu wengi wamenunua spesa kwa ugonjwa ambao si wake. Hata pale inaposaidia, inauhamisha uzito mbali na beringi na kuzifanya bolti zifanye kazi ya ziada, na kila mwenye gari anajua beringi ya habu inavyokufa upesi kwenye barabara za mashimo hata bila kusaidiwa.

Mbaya kuliko zote ni kuisaga kalipa. Fundi anachukua grainda au tupa, anapunguza mgongo wa kalipa milimita mbili au tatu, rimu inapita, kazi imekwisha kwa bei ya soda. Mgongo huo ndio daraja linalozishika pedi mbili zisitengane pale mafuta yanapozisukuma. Aliyeichora kalipa aliweka unene huo kwa hesabu ya breki ya dharura gari likiwa limejaa. Aliyeisaga hakufanya hesabu yoyote. Hakuna bei ya rimu inayohalalisha kazi hiyo, na gereji inayoikubali inastahili kukimbiwa hata kwa kazi ya kubadilisha plagi.

Njia ya tatu ni kuweka diski na kalipa ndogo za gari jingine. Hii angalau ni ya kiufundi, lakini mtu anakuwa amenunua breki ya gari jepesi na kuipa gari zito, ili tu aweze kuvaa tairi ya bei rahisi.

Tairi yenyewe nayo ina neno. Pembeni mwa kila tairi kuna namba ya mzigo ambayo wanunuzi wengi huiruka. Tairi ya 7.50R16 inayotumiwa sana na magari haya huandikwa 116, maana yake kilo 1,250 kwa tairi moja. Tairi nyingi za 235/75R15, zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya familia, huandikwa 105, yaani kilo 925. Mathalani gari lililorefushwa kwa ajili ya watalii likibeba kilo 2,000 kwenye ekseli ya nyuma, kila tairi ya nyuma ina kilo 1,000. Ile ya kwanza inabaki na akiba ya robo tani. Ya pili imekwishazidiwa kabla gari halijatoka Karatu, na ikipasuka haitakuwa ajali ya bahati mbaya. Tairi pana za 31x10.50R15 zenye namba 109 hufika kilo 1,030. Zinapita, lakini kwa upenyo wa sindano.

Wanaokodisha kwa kilomita nao wana la kutazama. Saa ya gari haijui kwamba gurudumu limebadilishwa. Gari lililotoka kwenye tairi ya milimita 806 kwenda 734 likitembea kilomita 200 litaandika karibu 220. Kampuni inayokodisha gari hilo inalipia kilomita 20 ambazo hazikutembewa, na siku ikigundua, mwenye gari atakuwa amepoteza mteja wa msimu mzima. Kinyume chake, mwenye gari mwaminifu anabadilisha oili mapema kuliko inavyotakiwa na hajui kwa nini gharama zake zimepanda. Tena gari limeshuka milimita 36 karibu na ardhi, jambo linaloonekana vizuri wakati wa mvua, pale difu inapolala juu ya tuta la katikati ya njia.

Sasa fedha. Kwa mfano wa hesabu tu, mwenye gari akiokoa dola 400 kwa kuvaa rimu na tairi za inchi 15 badala ya 16, na gari lake likamwingizia dola 150 kwa siku, akiba yote hiyo ni chini ya siku tatu za kazi. Gari moja likikwama chini ya kreta kwa breki, siku ya kwanza imekwenda. Ada ya kushusha gari moja kreta, ambayo ni zaidi ya dola 200, imekwishalipwa na hairudi. Gari la pili likitumwa linalipiwa yake. Siku ya pili na ya tatu zinakwenda kwa kutafuta kalipa Arusha. Na hesabu hii ni ya mkosi mdogo, ule ambao hakuna aliyeumia. Pale mtu atakapoumia, wenye bima watauliza kwanza kama gari lilikuwa kama lilivyoandikwa kwenye fomu.

Kwa nini basi biashara hii inaendelea? Sababu kubwa ni kwamba anayeokoa na anayehatarishwa si mtu mmoja. Mwenye gari yuko Arusha au Moshi, dereva ndiye anayeshuka nalo, na mgeni hajui kalipa ni nini. Sababu nyingine ni haraka ya soko. Mwaka 2020 wageni wa kimataifa nchini walishuka hadi takriban 620,000 kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2023 wakapanda hadi milioni 1.8. Wageni wanapoongezeka kwa kasi hiyo, wenye mtaji mdogo huingia na magari ya zamani, yale yale ya bolti sita, na huyaandaa kwa haraka ili yawahi Juni. Land Cruiser za 78 na 79 zilizotengenezwa tangu mabadiliko ya 1999 zina bolti tano na rimu za inchi 16, na kwa kiasi kikubwa kiwanda chenyewe kimewafungia mlango wabahatishaji, ingawa mwenye nia mbaya hakosi adapta.

Haki pia inataka kusema kwamba rimu ndogo si dhambi kila mahali. Pikapu yenye drami au yenye kalipa iliyopimwa ikapatikana nafasi, inayopeleka mahindi kutoka shambani hadi sokoni Karatu na haijui njia ya Seneto, yaweza kuvaa inchi 15 na mwenyewe akalala. Malori ya vitunguu yanayotoka Mang'ola, mengi yakiwa ya drami na rimu kubwa, hayana tatizo hili kwa leo. Litawafikia siku malori yenye breki za diski yatakapokuwa ya kawaida katika soko la mitumba, kwani huko Ulaya diski zimekwishaenea kwenye malori yanayovaa rimu za inchi 22.5, na hapo mwenye lori atakayetaka kuvaa rimu ndogo ili apakie kwa urahisi atakutana na kalipa yenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi.

Wauza vipuri wana nafasi ya kutengeneza jina hapa, na jina katika mji mdogo ni mtaji. Kipimo chake hakihitaji mashine. Fundi anabandika udongo laini wa mfinyanzi juu ya mgongo na uso wa kalipa, anafunga rimu bila tairi, anaizungusha mara moja, anaitoa na kupima unene wa udongo uliobaki. Ukipungua milimita tatu popote, rimu hiyo si ya gari hilo. Duka linaloruhusu jaribio hilo kabla ya malipo litauza rimu chache zaidi kwa mwezi wa kwanza, na huenda likauza tairi za inchi 16 zaidi kwa mwaka. Aliyeweka mtaji wake kwenye shehena ya rimu za inchi 15 kwa matumaini ya soko la kreta ameweka mahali ambapo kila ajali moja itamfungia wateja wote; afadhali azielekeze kwa wenye pikapu.

Kwa anayenunua gari lililotumika kabla ya msimu, kazi ni ya nusu saa. Avue gurudumu la mbele na aangalie ndani ya rimu kama kuna mstari unaong'aa unaozunguka. Huo ni wino wa kalipa. Aangalie mgongo wa kalipa kama una rangi mpya au bapa lisilofanana na la upande wa pili. Aangalie kama risasi za kubalansi ziko nje tu, na kama bolti zinatokeza kidogo kuliko nati, dalili kwamba palikuwa na spesa iliyotolewa kwa ajili ya mauzo au bado ipo. Akikuta kalipa iliyosagwa asibishane na mwenye gari kuhusu nani aliyesaga. Atoe katika bei aliyotajiwa gharama ya kalipa mbili, diski mbili, pedi, mafuta mapya ya breki na seti nzima ya rimu na tairi za inchi 16, kisha ndipo aanze kupatana.